Tupeane uzoefu: darasa lenu la kidato cha nne Mombasa lilikuwa na watu gani, na wakati wakiupitishia na nini?

Bint Kibokoni

Hodi wenyewe. Msimu wa kadi za mafanikio umeingia. Nimepita Mwembe Tayari, wachuuzi wamezitandaza kando ya njia: za maua, za wachezaji mpira, za matatu zilizopakwa rangi mpaka macho yanauma. Watoto wa watu wanaingia KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, na mimi badala ya kuwaombea dua nimesimama pale nawawaza watu wa darasa langu.

Si wale waliopata A. Hao walipigiwa makofi siku yao, yatosha. Nawataka wale wengine: aliyechora, aliyeuza, aliyeimba, aliyelala, aliyejua meli gani imetia nanga Kilindini na asijue kesho kuna mtihani wa Jiografia.

Masharti mawili tu. Majina ya watu msitaje na skuli msizitaje, maana wengine sasa ni wakwe za watu. Mwaka na mtaa, taja upendavyo.

Naanza. Skuli ya wasichana, ya kutwa, kisiwani, tulimaliza 2008. Mwaka wa mwisho ulikuwa na mtindo wa otografu. Unanunua daftari la jalada gumu, unampa mwenzio alale nalo, alijaze: jina, jina la utani, chakula akipendacho, somo lililomshinda, anachopenda kufanya akiwa na nafasi, na mistari ya kuagana. Basi pale kwa anachopenda kufanya, darasa zima liliandika kusoma riwaya, kuogelea na kusafiri. Waongo! Kuogelea nani? Nusu yetu tumezaliwa karibu na maji mpaka twasikia mawimbi kitandani, na yakitufika magotini twaanza kupiga shahada.

Ukweli ulikuwa kurasa za nyuma za daftari za Biolojia. Dawati la mbele yangu alikaa msichana mmoja mfupi, kimya, ambaye sidhani kama aliwahi kunyoosha mkono kujibu swali. Huyo akichora hina. Hina yenyewe na piko skuli hairuhusu, kwa hiyo alijifunza kwa biki. Anaanza na tone kwenye kiungo cha kidole cha pete. Tone linatoa kikonyo, kikonyo kinajipinda kuteremka mgongo wa mkono, kinatoa majani mawili mawili, na kila jani analitia mishipa ndani, mistari myembamba huioni mpaka uinamie. Hafuti. Akikosea anageuza kosa liwe ua. Siku moja aliumaliza mkono wangu wa kushoto kwa wino wa buluu wakati vita vya Maji Maji vinapiganwa ubaoni, na mwalimu akigeuka nashusha mkono wa blauzi. Historia yenyewe sikuambulia kitu. Leo huyo maharusi wanamwandikia miezi kabla, Ijumaa na Jumamosi humpati hata umlilie.

Mwengine alikuwa duka. Mkebe wa jometri umejaa achari ya embe na mabuyu, bikari kaiacha nyumbani. Kipindi cha Hisabati ndicho alichouza zaidi, sijui kwa nini, labda ile hofu yataka kitu kikali mdomoni.

Haya, nani anafuata?

Wa Ng'ambo

Likoni ipo. Wavulana, 2011.

Darasani sisi wa ng'ambo tulikuwa darasa letu peke yetu. Skuli iko kisiwani, kwetu kuko ng'ambo, na mwenye kwenda kwa miguu feri halipi, basi feri ndiyo ikawa klabu yetu asubuhi na jioni. Kulikuwa na mmoja twamwita Nahodha. Tukiwa juu kabisa, bado hatujaanza kuteremka ule mteremko, anakwambia iliyo upande wa pili ni ipi, kwa moshi na kwa mlio wa honi. MV Kwale na MV Likoni zilikuwa mpya wakati huo, zililetwa 2010, na yeye aliziangalia kwa dharau. Akisema hazina tabia bado, ngojeni zizeeke.

Sasa kisa cha kuchelewa. Mtu wa Likoni akichelewa ana neno moja, feri. Hakuna mwalimu aweza kuthibitisha. Ila naibu wa mwalimu mkuu naye akahamia Mtongwe, hatuna habari. Wakaingia vijana watano kipindi cha pili kishaanza, wamejipanga nje ya ofisi, wanasema feri ilikwama tangu alfajiri. Naibu akawaangalia.

"Mimi nimevuka nayo saa moja kasorobo. Nyinyi mmevuka na nini, mtumbwi?"

Wanne wakainamisha vichwa. Wa tano, ambaye kila siku alikuwa na jawabu, akasema: "Ndiyo mwalimu, mtumbwi."

Walifyeka nyasi nyuma ya maabara mpaka Alhamisi.

Huyo wa mtumbwi ndiye aliyekuwa malenga wetu. Huu mji wa Muyaka, malenga wa kale, kila darasa lina mmoja ajionaye mrithi. Wetu alitunga kwenye feri, amejibanza kwenye ukingo, daftari limekunjwa gotini. Siku ya karatasi ya mwisho alitusomea hii, nimeihifadhi:

*Likoni nimesimama, kivuko hakijafika,*
*Mtihani umekoma, na wino umekauka,*
*Vitabu nimevisoma, kichwani vimefutika,*
*Wenzangu mkiondoka, deni langu msidai.*

Deni lenyewe lilikuwa la viazi karai, kwa mama aliyekaa langoni na sufuria yake ya ukwaju, na kwa nusu ya darasa.

Mama Mahamri

Vina vimekaa. Alilipa?

Wa Ng'ambo

Yuko Doha. Hajalipa.

Mzee Kahawa Chungu

Wajukuu, nyinyi mwasema kidato cha nne kama kwamba ndio mwisho wa dunia. Sisi tulikwenda mpaka cha sita. Mfumo ule ulikufa 1989, mwaka ambao Form Six wa mwisho walifanya mtihani wao na watoto wa 8-4-4, mfumo uliofuata, wakafanya KCSE ya kwanza. Mimi nilimaliza kabla, katikati ya miaka ya themanini.

Burudani ilikuwa sinema na redio, na kila moja ilikuwa na mtu wake darasani.

Wa sinema alikuwa kijana wa Majengo, mwembamba, ana sauti kubwa kuliko kifua chake. Jumapili akenda Naaz au Regal, picha ya Kihindi, saa tatu nzima. Jumatatu mapumziko tunamzunguka na yeye anaitamba picha yote. Huyu ndiye mpenzi, huyu ndiye jambazi, huyu ndiye mama amepofuka kwa kulia. Kwenye kupigana alipiga meza, dishum, dishum, mpaka wino unamwagika. Kwenye nyimbo aliimba. Kihindi hajui hata neno, lakini sauti alizishika, na tulikuwa na wenzetu wawili Wahindi waliolia kwa kicheko kwa sababu kumbe maneno aliyokuwa akiyaimba hayako katika lugha yoyote. Walijaribu kumfundisha yaliyo sahihi. Akakataa, akasema yake yana ladha zaidi.

Na alikuwa mjanja. Picha zile zilikuwa na intavali, na yeye pia alitia intavali. Anafikisha pale bastola imetolewa, mama yuko katikati, ananyamaza. Haendelei mpaka aletewe kachri na chai. Kuna picha moja mpaka leo sijui iliishaje kwa sababu siku hiyo sote tulikuwa hatuna kitu.

Wa redio alikuwa mwanasalamu. Vijana wa leo hawajui. Unanunua kadi ya salamu, unaijaza jina lako, na majina ya unaowasalimu, unaitia posta kwenda Nairobi, Sauti ya Kenya, kisha unangoja mtangazaji aisome. Wanasalamu walikuwa na majina yao ya fahari, hakuna aliyetumia alilopewa na babake. Wetu alisalimu nchi nzima. Fedha zake za nauli zote ziliishia kwenye kadi, akitembea kwa miguu kutoka Tudor. Na katika kila kadi, katikati ya majina ya wajomba, alichomeka jina la msichana mmoja wa skuli ya jirani, ili babake akisikia aone ni orodha tu.

Mara moja akamsalimu na mwalimu mkuu. Mkuu akasikia jina lake redioni anakunywa chai. Alikuja gwarideni siku hiyo amefurahi, akatangaza, akataka kujua ni mzazi gani mwema aliyemkumbuka. Kijana akanyamaza kimya, maana kwenye kadi alijiandika ni mfanyabiashara wa Malindi.

Tuktuk ya Buluu

Mzee leo umetutendea haki. Sisi 2016 tulikuwa na kibanda cha gemu tu na kocha mmoja. Huyo kocha hajawahi kushika padi hata siku moja, hela hana, lakini anasimama nyuma yako anakuelekeza: pasi, pasi, rudisha, sasa piga! Na ukimsikiliza unashinda kweli. Mpaka tukawa tunamgombania, asimame nyuma ya nani.

Kulikuwa pia na mchoraji wa matatu. Ukimwonesha taa za nyuma tu anakwambia ni gari gani ya Bamburi. Sitii mengi, wengine endeleeni.

Mla Futari

Mimi nataka kuwapa cha kemia.

Tulimaliza 2003. Mwaka ule Ramadhani iliingia mwisho wa Oktoba, KCSE yote tukaifanya na saumu. Insha si neno, Hisabati si neno, njaa inakuja na kupita. Balaa lilikuwa maabara. Wale mliofanya mnaikumbuka pipeti, ule mrija wa kioo wa kupimia, wa sentimita mchemraba 25. Zile za mpira wa kuvutia hatukuwa nazo za kutosha. Unavuta kwa mdomo kama mrija wa soda mpaka maji yapite alama, unaziba kwa kidole cha shahada. Na mara nyingi ukizembea kidogo, unapata funda la alkali ulimini. Sasa wewe umefunga.

Wiki nzima kabla ya siku hiyo darasa halikuzungumza kitu kingine. Tulikuwa na shekhe wetu. Si shekhe wa kusomea, ni kijana kama sisi, ila kazi yake ilikuwa kutoa fatwa. Kumeza mate, fatwa. Kunusa biriani ya jirani, fatwa. Mpira ukikupiga tumboni alasiri ukatoa pumzi kwa nguvu, fatwa. Akikaa kwenye ngazi za ghorofa ya kwanza, amekunja suruali, watu wanamjia. Kwa pipeti akatoa hukumu: kinywa si tumbo, ukitema hujafungua, vuta na uteme. Wengi wakaridhika. Wengine wakenda kuwauliza maustadhi wa kweli msikitini, wakaambiwa karibu hivyo hivyo, na shekhe wetu akatembea kifua mbele siku tatu.

Lakini kulikuwa na mmoja hakuridhika. Huyu alikuwa mtu wa dhumna, yaani domino. Baba yake na ami zake walicheza barazani kila usiku, na yeye alikulia chini ya ile meza. Kete ni 28, na zikishatoka kumi hivi alikuwa anakusomea zilizoko mkononi mwako moja moja, bila haraka. Hazungumzi sana. Akakaa na hilo jambo la pipeti kama anavyokaa na mchezo mgumu.

Siku ya mtihani tunaingia. Mimi navuta natema, navuta natema, sinki limekuwa kama la kunawia. Nikatupa jicho upande wake. Pipeti imelala mezani, haijaguswa. Alkali kaitia kwenye bureti, ule mrija mrefu wenye bomba chini! Anafungulia taratibu, anasoma mstari, anateremsha 25 kamili kwenye chupa, halafu nyengine, halafu nyengine, ameziweka tatu zimejipanga. Kisha anaimwaga bureti, anaiosha kwa maji, anaiosha kwa asidi, anaijaza asidi, ndipo anaanza kutitreti, kuidondosha asidi kwenye alkali, kama watu wengine. Kazi mara mbili. Msimamizi alimjia mara, akasimama nyuma yake, akaangalia, akaondoka hakusema neno.

Tulimaliza sote yeye bado anasoma namba. Alitoka wa mwisho, midomo imekauka, akatuuliza nyinyi mmepata ngapi. Sote tumetofautiana, huyu 23, huyu 24 na pointi. Zake zote tatu zilikuwa sawa.

Shekhe aliudhika. Akasema alichofanya si lazima kisheria.

Jioni ile tulifuturu pamoja Makadara kwenye majani, wenzetu Wakristo wa darasani ndio walioleta tende na maji, wakiwa wameanza kungoja adhana kabla yetu.

Bint Kibokoni

Wallahi nimecheka mpaka mtoto ameamka. "Si lazima kisheria"!

Mama Mahamri

Wasichana, 1997. Yetu ilikuwa ya kuiga watu.

Kulikuwa na mmoja aliwajua walimu wote: mwendo, kikohozi, vile mwalimu wa Kiswahili alivyovuta herufi ya mwisho ya kila sentensi. Mwalimu asipokuja darasani, yeye anaingia na chaki anafundisha kipindi kizima kwa sauti ya huyo mwalimu, na kwa kweli kuna mada za Jiografia nilizielewa kwake. Siku ya maombi ya watahiniwa, wazazi wameshaondoka, tunapanga viti, mwalimu mkuu anatokea mlangoni, mwanamke mrefu, mkali, hatujawahi kuyaona meno yake. Akamwita kwa jina. Akasema, "Nasikia waniiga. Niige."

Chumba kizima kimeganda. Mwenzetu akatazama kushoto, akatazama kulia, akaona hakuna pa kukimbilia. Akanyoosha mgongo, akatundika mkoba wa hewa kwenye kiwiko, akatembea. Akasema yale maneno yake ya gwarideni. Mkuu kimya, anaangalia mpaka mwisho.

"Mkoba naushika mkono wa kushoto," akasema, akaondoka.

Baada ya karatasi ya mwisho tulikwenda Mama Ngina, enzi hizo hapajatengenezwa kama sasa, miti, upepo na wauza mihogo tu. Mihogo ya pilipili na ndimu, madafu, kelele. Wengi tulikuwa bado hatujui kuwa baadhi yetu tumeshaposwa.

Bara Pwani

Mimi nilitoka Machakos nikaja bweni upande wa Kisauni, 2005. Mtu wa kukumbukwa kwetu alikuwa fundi redio. Redio ni marufuku, na Jumamosi kuna mpira Uingereza. Jamaa alichukua sahani ya sabuni, ile ya plastiki yenye kifuniko, akatia ndani matumbo ya redio aliyoinunua mbovu Kongowea. Betri mbili akazifunga kwa nje kwa mpira. Waya wa antena aliushona kwenye pindo la chandarua. Spika hakuna, ni kisikizio kimoja tu, na kisikizio hicho kiko sikioni mwake. Yeye amelala chali gizani, sisi watu thelathini tumekaa tunautazama uso wake. Akikunja uso, wameotea. Akitabasamu, wamefunga. Hatoi sauti kwa sababu kiranja yuko mlangoni. Bao ni kidole kimoja juu.

Kiranja mwenyewe alikuwa akija kuuliza kwa kunong'ona ni ngapi ngapi.

Biashara ya bweni sitaisema sana, boflo iliyokatwa robo robo usiku, bei yake ningemwambia mama angenihamisha.

Dawati la Nyuma

Wetu alikuwa Mzee. 2012, Kisauni, skuli ya mseto.

Alikuwa ameacha masomo miaka mingi, akarudi. Sisi wa miaka kumi na minane, yeye ana ndevu. Jina la Mzee alipewa siku ya kwanza, naye akaliitika siku ya kwanza, mchezo ukaishia hapo. Usiku alikuwa akipakua malori Kongowea, vitunguu na viazi vya kutoka bara, na asubuhi anakuja amenawa uso, analala kipindi cha kwanza na cha pili. Walimu wengine walimwacha. Mmoja hakumwacha, na hilo nalo tuliache.

Wengi mmeuliza wakati tukiupitishia na nini. Wake hakuwa nao. Lakini saa ya chakula alikuwa na kitu kimoja. Alikuwa na daftari dogo la mfukoni, ameandika bei za soko kila siku, gunia la vitunguu leo, gunia jana, nyanya, kabeji, lori limechelewa, mvua imekata njia. Hakuna aliyemtuma. Alisema anapenda tu kuona namba zikipanda na kushuka. Alipokuwa macho alitufundisha grafu za Hisabati kwa hilo daftari na tukafahamu: huu mstari ni Ramadhani, tazama nyanya zilivyoruka.

Alifanya mtihani, akafaulu vizuri, si kwa ajabu. Anafanya kazi na nafaka mpaka leo. Ukimpigia usiku hapokei, analala.

Tuktuk ya Buluu

Daftari la bei. Huyo angezaliwa sasa angekuwa na programu yake ya simu.

Mwalimu wa Zamu

Nawasoma tangu asubuhi na nilikuwa nimeahidi kutochangia.

Nimefundisha kisiwani muda mrefu, na wengi wenu mnadhani hatuyaoni. Tunayaona. Mkono wa blauzi ukishuka ghafla kwenye joto la Machi, mwalimu si mjinga.

Kilichonisumbua mimi ni cheti cha kumaliza skuli. Si matokeo ya KCSE, kile chengine mnachokuja kukichukua baadaye mkitaka kazi. Kina pahali pa mwalimu mkuu kuandika juu ya uwezo, bidii na mwenendo wa mwanafunzi. Mistari michache tu, na humo umtie mtu mzima uliyemwona kila siku miaka minne. Mkuu hawezi kuwajua wote, kwa hiyo sisi walimu wa madarasa tulimwandalia maneno, yeye akatia sahihi.

Nilikuwa na kijana wa njiwa. Kwao Majengo, juu ya paa, alikuwa na kundi lake, na mwajua mchezo wa njiwa: unarusha wako, jirani anarusha wake, na mwenye kundi lililozoea zaidi anawavuta wa mwenziwe wanashuka kwake. Kijana huyu Jumatatu angeweza kukuhadithia njiwa mmoja mmoja, nani ameleta mgeni, nani ametoroka. Mifuko yake wakati wote ina mtama. Alikaa dirishani. Akitoa leso mtama unamwagika nje, na chini ya dirisha kulikuwa na bustani ya maua ya skuli. Mvua za Aprili zikanyesha. Wageni wa wizara walipokuja, mkuu aliwapitisha pale kuwaonesha maua.

Kwenye cheti chake niliandika kwamba anapenda viumbe na ana subira nao. Mkuu akalifuta, akaandika ana nidhamu. Mtama wakati huo ulikuwa umefika kiunoni.

Haya mambo yanabadilika sasa. Waliofanya KCPE, mtihani wa darasa la nane, ya mwisho 2023 ndio watakaofanya KCSE ya mwisho 2027, na baada yao hakuna tena kidato cha nne. Hawa wa Gredi ya 10 ya mfumo mpya walioanza 2026 wanachagua njia, ya sayansi na teknolojia, ya sayansi za jamii, au ya sanaa na michezo. Mchora hina wenu angeuliza darasa lake liko wapi na akaoneshwa mlango wa kuingilia. Wa kuiga walimu vile vile. Wa njiwa sijui tungemweka wapi, na wa dhumna ndiyo kabisa.

Mla Futari

Wa dhumna ni mhasibu bandarini, mwalimu, usiwe na wasiwasi.

Bara Pwani

Na fundi wetu wa sahani ya sabuni anauza paneli za jua Mtwapa. Chandarua hajarudisha.

Tuktuk ya Buluu

Mwalimu, nina swali zito. Cheti changu kinasema mimi ni mtulivu. Mimi! Nilitolewa nje vipindi vingi kuliko nilivyokaa ndani. Ni nani aliyeandika?

Mwalimu wa Zamu

Vyeti vilikuwa mia na ushei, siku moja, na mkuu ana basi la jioni. Mkondo wa Mashariki mlikuwa watulivu nyote.

Dawati la Nyuma

Nimetoa changu kabatini sasa hivi. Kumbe sisi wa Magharibi tuna ushirikiano mwema. Nimewauliza wenzangu watatu, wote wana ushirikiano mwema, pamoja na yule aliyempiga mwenziwe kwa rula ya T.

Wa Ng'ambo

Malenga wetu amenitumia picha ya chake kutoka Doha. Kimeandikwa ni mwaminifu, hasa katika mambo ya fedha. Tafadhali mama wa viazi karai asioneshwe.